Picha ya Kutazamwa na Picha ya Kuchorwa: Historia ya Maneno ya Sanaa katika Shule za Kikatoliki za Njombe na Makambako

1. Utangulizi

Katika historia ya elimu ya Tanzania, somo la uchoraji limekuwa kama mgeni aliyekaribishwa barazani lakini hakupewa chumba. Lilitajwa katika sera, likaingizwa katika mihtasari, likaondolewa, kisha likarudishwa kwa jina jingine. Wakati huo wote watoto hawakuacha kuchora: vumbini kwa kijiti, ukutani kwa mkaa, nyuma ya daftari la hisabati kwa kalamu ya wino. Kilichobadilika ni jina ambalo watu wazima walikiita kitendo hicho, na pamoja na jina, thamani waliyokipa.

Mhadhara huu unalichunguza suala hilo kwa mtazamo wa isimu na historia. Hoja yake kuu ni kwamba jina la somo katika ratiba si kibandiko tu. Jina ndilo linaloamua mtoto anayechora anadhaniwa anafanya nini: anasali, anafanya kazi, anacheza, au anaumba. Eneo linalochunguzwa ni Njombe na Makambako, na aina ya shule ni zile zilizoanzishwa au kuendeshwa na Kanisa Katoliki. Uchaguzi huo una sababu mbili. Kwanza, hakuna taasisi iliyoleta picha nyingi mbele ya macho ya mtoto wa shule kuliko Kanisa hilo. Kwa hiyo, swali la nani anatazama picha na nani anaichora linajitokeza humo kwa uwazi zaidi. Pili, miji hii miwili, iliyo umbali wa kilomita 60 hivi, imo katika mkoa mmoja ulioundwa mwaka 2012 na katika Jimbo Katoliki la Njombe lililoundwa mwaka 1968, lakini mandhari yake ni tofauti. Njombe ni mji wa baridi, wa chai, miwati na viazi mviringo. Makambako ni njia panda: hapo barabara ya Songea huachana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na hapo kuna stesheni ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Mtoto wa Makambako hukua akisoma mabango ya maduka na maandishi ya malori kabla hajafunguliwa kitabu.

2. Vitenzi vya Kibantu na majina ya kigeni

Kabla ya kuingia katika historia ya shule, ni vema kulikagua ghala la msamiati ambalo mwalimu wa sanaa wa Kiswahili amelirithi. Ghala hilo lina vyumba viwili.

Katika chumba cha kwanza mna vitenzi: chora, chonga, finyanga, suka, fuma, paka. Vyote ni vya Kibantu. Pamoja navyo yamo majina ya vitu vinavyotengenezwa ili vitumike: chungu, mkeka, ungo, mzinga. Katika chumba cha pili mna majina ya vitu vinavyotengenezwa ili vitazamwe, pamoja na majina ya dhana: sanaa, sanamu, taswira, sura, nakshi, rangi, picha. Karibu yote ni ya mkopo. Taswira na sura yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Nakshi pia ni la Kiarabu. Rangi lina asili ya Kiajemi. Picha limetoka Kiingereza. Jina kinyago ni kighairi muhimu, nalo linatukumbusha kwamba mgawanyo huu ni mwelekeo wala si kanuni isiyovunjika.

Maneno mawili yanastahili kutazamwa kwa karibu. La kwanza ni sanaa. Katika Kiarabu mzizi wake unahusu utengenezaji na kazi ya fundi. Kiarabu cha leo kinautumia kutaja viwanda, na kinapotaka kutaja sanaa kinatumia neno fann. Kiswahili nacho kimelikopa neno hilo la pili, kikalifanya fani, yaani tawi la elimu au, katika uhakiki wa fasihi, umbo la kazi. Hivyo Kiswahili kilichukua neno la ufundi kikalipandisha cheo liwe sanaa, na neno la sanaa kikalipa kazi nyingine. Tangu mwanzo, basi, neno sanaa lina harufu ya karakana. Si ajabu kwamba watunga mitaala wamekuwa wakilivuta kila mara upande wa kazi za mikono.

La pili ni chora. Kamusi za nusu ya kwanza ya karne ya 20, kwa mfano ile ya Johnson ya mwaka 1939, zinakipa kitenzi hiki maana ya kukata alama katika kitu kigumu, yaani kutia nakshi, na pia maana ya kuandika ovyo. Maana hii ya pili imebaki hai katika umbo la kurudufiwa: mtoto anayeharibu daftari huambiwa anachorachora. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi achore na yule anayemkanya asichorechore wanatumia mzizi uleule. Mstari unaotenganisha sifa na karipio ni mwembamba, na mtoto huujua mapema.

Watoto wa Njombe na Makambako hawaji shuleni mikono mitupu. Wengi hutoka katika jamii za Wabena, Wapangwa, Wakinga, Wawanji na Wakisi, ambazo lugha zao zote zimo katika kundi ambalo wanaisimu huliita G60. Wanawake wa Kikisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa ni wafinyanzi mashuhuri: hufinyanga vyungu bila gurudumu la mfinyanzi na kuviuza mbali na kwao. Wapangwa na Wakinga walijulikana kwa ufuaji wa chuma. Katika nyanda za juu mianzi hutoa ulanzi na pia matenga ya kubebea mazao, na ususi wa vikapu vya milulu umeenea katika eneo zima la Iringa ya zamani. Kwa hiyo vitenzi vya chumba cha kwanza vilikuwa na wenyewe kabla ya shule. Swali la kihistoria ni kwa nini shule ilichelewa kuvipokea.

3. Picha iliyokuja tayari

Ukatoliki uliingia katika eneo hili kwa milango miwili. Kusini ulitoka Peramiho, abasia ya Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia, ambao walianzisha kituo chao huko mwaka 1898. Kaskazini ulitoka Tosamaganga, misioni ya Wabenediktini haohao katika Uhehe, ambayo baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilichukuliwa na Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia mwaka 1919. Katikati, katika Ubena, wamisionari Walutheri kutoka Berlin walikuwa wametangulia tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, na mpaka leo Wakatoliki na Walutheri ni majirani wa kila siku.

Mashirika haya mawili yalileta mazoea mawili yanayotofautiana kidogo. Wabenediktini huishi kwa sala na kazi, na Peramiho ikawa kituo cha karakana za useremala, uashi na uchapaji. Wakonsolata, walioanzishwa na Giuseppe Allamano mjini Torino mwaka 1901, wamechukua jina lao kutokana na picha: Konsolata, yaani Mama wa Faraja, ni jina la picha ya Bikira Maria inayoheshimiwa katika patakatifu pa Torino. Allamano, aliyetangazwa mtakatifu mwezi Oktoba 2024, alikuwa mkuu wa patakatifu hapo. Shirika lililozaliwa chini ya picha lilipofika Afrika halikuweza kufundisha bila picha.

Matumizi ya picha katika mafundisho yalikuwa na nasaba ndefu. Karibu mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Askofu Serenus wa Marseille kumkanya kwa kuvunja picha makanisani, akitoa hoja kwamba asiyejua kusoma huweza kujifunza kwa kutazama ukuta yale ambayo msomaji huyapata kitabuni. Mtaguso wa Pili wa Nikea wa mwaka 787 ulithibitisha kuwa heshima inayotolewa kwa picha humwendea yule aliyechorwa. Mwishoni mwa karne ya 19 teknolojia ya uchapaji wa rangi iliigeuza hoja hiyo ya kale kuwa bidhaa ya kusafirishwa: katekisimu kubwa za picha zilizochapwa na Maison de la Bonne Presse ya Paris zilitumiwa na wamisionari katika mabara mbalimbali, nazo picha za Biblia za wachapaji wa Kijerumani zilifuata njia hiyohiyo.

Athari ya picha hizo darasani ilikuwa ya aina mbili. Kwa upande mmoja, ziliwapa watoto tajiriba ya kusoma picha: kumtambua Petro kwa funguo zake, kujua kwamba mwanga kuzunguka kichwa ni ishara ya utakatifu, kufuatana na hadithi kutoka kisanduku hadi kisanduku. Hiyo ni elimu ya kweli, na wataalamu wa semiotiki wa leo hawawezi kuidharau. Kwa upande mwingine, picha hizo zilikuja zikiwa zimekamilika. Mtoto aliulizwa amwone nani. Hakuulizwa yeye angemchora vipi. Yusufu alikuwa na ndevu za Kizungu na Bethlehemu ilikuwa na theluji. Hata palipokuwa na zoezi la kuchora, mara nyingi lilikuwa zoezi la kunakili. Katika sarufi ya darasa hilo, picha ilikuwa yambwa ya kitenzi tazama. Haikuwa bado yambwa ya kitenzi chora.

4. Kazi za mikono

Mikono ya watoto haikukaa bure hata hivyo. Ilifanya kazi katika bustani, karakana na jengo la kanisa. Hapa ndipo jina kazi za mikono lilipopata nguvu zake.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza elimu inayolingana na mazingira ya Mwafrika: kilimo, afya, ufundi wa nyumbani. Sheria ya elimu ya Tanganyika ya mwaka 1927 iliweka utaratibu wa ruzuku kwa shule za misioni zilizokubali kukaguliwa na kufuata mihtasari ya serikali. Mwaka uliofuata, Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, aliwahimiza maaskofu waliokutana Dar es Salaam washirikiane na serikali na kuzipa shule kipaumbele. Tangu hapo ratiba ya shule ya Kikatoliki iliyopokea ruzuku haikuwa ya padri peke yake; ilikuwa pia ya mkaguzi.

Mfano unaojulikana zaidi wa falsafa hiyo katika ukanda huu haukuwa wa Kikatoliki. Ni shule ya serikali ya Malangali, jirani ya Makambako katika Wilaya ya Mufindi ya leo, iliyofunguliwa mwaka 1928 chini ya W. Bryant Mumford. Mumford alijaribu kuijenga shule juu ya desturi za wenyeji: ngoma, mikuki, ufundi, simulizi za wazee. Jaribio hilo lilivuta macho ya wanaelimu wa Ulaya, lakini lilikuwa na kasoro moja ya msingi. Ni mwalimu wa kigeni aliyeamua kipi katika utamaduni wa wenyeji kinafaa kuhifadhiwa. Kote Afrika elimu ya aina hiyo ilikabiliwa na shaka ileile ya wazazi: kwamba mtoto anarudishwa jikoni na kiwandani mwa baba yake ili asifike ofisini. Shaka hiyo ililiganda jina kazi za mikono. Hadi leo mzazi anaposikia mtoto wake anafundishwa kusuka, huuliza somo lenyewe ni lini.

Baada ya uhuru, falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, iliirudisha heshima ya mikono kwa hoja tofauti kabisa. Sasa mikono ilikuwa ya raia huru wala si ya mtawaliwa. Wakati huohuo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za misioni chini ya serikali. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Njombe angeweza kufundishwa uchoraji kwa Kiswahili katika elimu yote ya msingi. Lakini jina la kazi lilizidi kukaza. Shule ilitakiwa kuzalisha. Chungu kilichouzwa kiliingia katika hesabu, picha haikuingia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 la kuwaandikisha watoto wote liliongeza idadi ya wanafunzi kwa kasi, na penseli za rangi hazikuweza kufuatana nayo. Sera iliyompa mtoto lugha ilimkuta hana karatasi.

5. Njia nyingine iliyokuwapo

Itakuwa kosa kudhani kwamba hapakuwa na njia nyingine. Huko Makerere, Margaret Trowell, aliyechapisha mwaka 1937 kitabu kuhusu sanaa na ufundi wa Kiafrika shuleni, alitumia mbinu aliyojifunza kwa Mwingereza Marion Richardson. Mwalimu hueleza tukio kwa maneno, wanafunzi husikiliza na kuliona akilini, kisha kila mmoja huchora alichokiona yeye. Miongoni mwa waliosoma kwake ni Sam Ntiro wa Kilimanjaro, mmoja wa wachoraji wa kwanza wa Tanganyika kupata elimu ya juu ya sanaa. Mwanaisimu ataona mara moja umuhimu wa mbinu hiyo: chanzo cha picha si picha nyingine bali ni usimulizi. Jamii yenye hadithi nyingi na karatasi chache haina mbinu inayoifaa kuliko hiyo.

Ndani ya Kanisa lenyewe mlango ulifunguliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati yake juu ya liturujia, ya Desemba 1963, ilieleza kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa ulio wake peke yake, na kwamba sanaa za watu wote zina nafasi katika ibada. Matunda yalionekana katika nchi na mikoa ya jirani. Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement alikuwa tayari ameihusisha misioni na utamaduni wa Wasukuma, na makumbusho yakajengwa hapo. Mua nchini Malawi, ng'ambo ya pili ya Ziwa Nyasa, Padri Claude Boucher alianzisha kituo cha Kungoni mwaka 1976, ambapo wachongaji wa Kichewa walichonga sanamu za kanisa kwa sura zao wenyewe. Dar es Salaam, Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa mwaka 1972. Humo alifanya kazi George Lilanga, ambaye baadaye kazi zake zilifika katika kumbi za Ulaya na Marekani. Kutoka Kamerun zilikuja picha za Injili zinazojulikana kama Jésus Mafa, zilizobuniwa katika miaka ya 1970, ambamo Yesu ni Mwafrika na kijiji ni cha Waafrika.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya juhudi hizo iliwalenga vijana na watu wazima, au iliishia katika kubadilisha picha inayotazamwa. Picha ya Yesu Mwafrika ukutani ni hatua kubwa, lakini mtoto aliye chini yake bado ni mtazamaji. Kuiafrikisha picha na kumpa mtoto penseli ni mambo mawili, na la kwanza halileti la pili lenyewe.

6. Jina linalohama katika ratiba

Kuanzia miaka ya 1990 Kanisa lilirudi kwa nguvu katika uendeshaji wa shule. Shule nyingi za awali na za msingi za majimbo na mashirika ya kitawa zilizoanzishwa tangu hapo ni za mchepuo wa Kiingereza. Katika mitaala ya taifa, wakati huohuo, uchoraji ulihamahama. Katika mtaala uliorekebishwa mwaka 2005 uliwekwa chini ya Stadi za Kazi, pamoja na mapishi, ushonaji na kazi nyinginezo, nalo somo la Haiba na Michezo likasimama kando. Wakati huo hakuna kati ya hayo lililotahiniwa katika mtihani wa taifa wa kumaliza elimu ya msingi, na kisichotahiniwa hakina mtetezi wakati ratiba inapobana. Katikati ya miaka ya 2010 darasa la kwanza na la pili lilipata Michezo na Sanaa. Katika madarasa ya juu yake uchoraji haukupata mahali palipo pake. Mtaala wa mwaka 2023, ulioanza kutekelezwa hatua kwa hatua Januari 2024, umeleta somo la Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu.

Mfuatano huo ukisomwa kama matini, unasimulia hadithi yake. Katika stadi za kazi, mtoto anayechora ni mfanyakazi mdogo. Katika michezo na sanaa, anapumzika baada ya kazi. Katika sanaa na michezo, sanaa imetangulia kwa mara ya kwanza, ingawa bado imefungwa nira moja na mpira. Wapo watakaosema kwamba mpangilio wa maneno mawili si jambo la kujadiliwa katika mhadhara. Lakini mwalimu mwenye vipindi vichache kwa wiki hulisoma jina hilo na kuamua: leo uwanjani au leo darasani? Kiunganishi na kinaweza kumaanisha pamoja. Shuleni mara nyingi humaanisha ama.

Shule ya mchepuo wa Kiingereza ina tatizo la ziada. Mtoto hujifunza maneno ya mstari, kivuli na umbo kwa Kiingereza tu. Akirudi nyumbani hawezi kumweleza bibi yake, ambaye pengine anajua kufinyanga, alichojifunza siku hiyo. Wala bibi hana njia ya kumwambia kwamba hayo mbona anayajua. Msamiati uliokusudiwa kumpeleka mtoto mbali umekata daraja la kumrudisha. Kiswahili kinayo maneno ya kutosha: mstari, umbo, kivuli, mwangaza, ulinganifu, ruwaza, nafasi, mguso. Ruwaza ambayo mwanafunzi huisoma katika hisabati ndiyo iliyo katika tenga la mianzi analoliona sokoni Njombe, na ulinganifu anaoufundishwa katika umbo ndio mfinyanzi wa Kikisi anaoupata kwa kukizungusha chungu mkononi bila rula.

7. Sanduku la rangi

Hakuna sehemu ya somo inayodhihirisha utajiri huo kama rangi. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopatana na ngeli: -eupe, -eusi, -ekundu. Mfumo huo unalingana na nadharia ya Brent Berlin na Paul Kay, ya mwaka 1969, kwamba lugha zikishakuwa na majina ya weusi na weupe, jina linalofuata ni la wekundu. Rangi nyingine nyingi Kiswahili huzitaja kwa vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, waridi ni ua, samawati ni mbingu. Damu ya mzee ni wekundu uliokolea hadi kukaribia weusi. Lugha nyingine huwa na majina ya rangi ambayo asili yake imesahauliwa. Kiswahili humwonyesha mtoto chanzo.

Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili ana somo tayari mikononi. Baadhi ya vitu hivyo ni vya pwani na maeneo ya joto. Mzambarau hausitawi vizuri katika baridi ya Njombe, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mtoto wa huko anaweza kuulizwa: kama jina lingetungwa hapa, rangi hii ingeitwaje? Yapo magome ya miwati, yenye utomvu wa kusindikia ngozi, ambayo yamekuwa zao la biashara Njombe tangu katikati ya karne ya 20. Yapo machipukizi ya chai, maganda ya parachichi, udongo mwekundu wa barabarani. Zoezi hilo ni la uchoraji na ni la isimu: mtoto hutazama, hutofautisha, hutaja. Baadhi ya vitu hivyo, kama udongo, mkaa na maji ya magome, vinaweza kuwa rangi zenyewe pale ambapo sanduku la dukani halipatikani.

Shule ya Kikatoliki ina nyongeza yake. Mwaka wa liturujia humfundisha mtoto rangi kama wakati: kijani kwa siku za kawaida, zambarau, au urujuani kama waandikavyo wengine, kwa Majilio na Kwaresima, nyeupe kwa Noeli na Pasaka, nyekundu kwa Pentekoste na mashahidi, waridi kwa Jumapili mbili tu za mwaka. Mtoto anayejua kwamba rangi inaweza kubeba huzuni, subira au furaha ameshapiga hatua ya kwanza katika uhakiki wa picha. Amefundishwa hivyo kanisani. Kinachobaki ni darasa kumruhusu aitumie elimu hiyo katika picha yake.

8. Sanamu na usanii

Maneno mawili yanaendelea kumsumbua mwalimu. Sanamu limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mungu wa kuchongwa, na katika tafsiri za Biblia za Kiswahili ndilo linalotumika pale ibada ya miungu inapokatazwa. Katika Kanisa Katoliki neno hilohilo hutaja sanamu ya Bikira Maria au ya mtakatifu. Walutheri nao hawakatazi picha, lakini hawana desturi ya kuheshimu sanamu kama Wakatoliki. Katika darasa la Njombe, ambamo watoto wa madhehebu yote mawili hukaa dawati moja, mwalimu anaposema tutengeneze sanamu za udongo, neno moja linaingia katika masikio mawili tofauti. Ng'ombe wa udongo aliyefinyangwa na mtoto si wa kuabudiwa wala si wa kuheshimiwa. Ni ng'ombe wa udongo. Kumwita mfano, au kusema tu tufinyange ng'ombe, humrudisha mtoto kwenye kitenzi na kumwondolea mzigo wa karne nyingi usio wake.

Neno la pili ni msanii. Katika Kiswahili cha mitaani cha Tanzania, hasa tangu miaka ya 2000, usanii umepata maana ya ulaghai: anayefanya usanii ni anayedanganya kwa ustadi. Mzazi anayesikia kwamba mwanawe ana kipaji cha usanii hucheka kidogo kabla ya kufurahi. Lugha huwa haikosi sababu. Jamii iliyozoea kuona picha zikitoka kwingine, tayari, huona ustadi wa kuzitengeneza kama hila. Maana hiyo haitafutwa kwa amri ya chombo chochote cha lugha. Itapungua nguvu pale ambapo kila mzazi atakuwa na picha moja ukutani aliyoiona ikichorwa.

9. Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba katika shule za Kikatoliki za Njombe na Makambako picha haikukosekana, na mikono haikukosekana. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni mahali ambapo viwili hivyo vingekutana. Misioni ilileta picha ikaiweka kanisani. Serikali, ya kikoloni na ya uhuru kwa sababu tofauti, iliipeleka mikono bustanini na karakanani. Lugha iliuakisi mgawanyo huo: majina ya mkopo upande mmoja, vitenzi vya Kibantu upande wa pili.

Mtaala wa sasa umelipa neno sanaa nafasi ya kwanza katika jina la somo. Nafasi hiyo itapotea tena, kama ilivyopotea kabla, ikiwa haitalindwa na mambo matatu. La kwanza ni kipindi cha sanaa kisichonyang'anywa na uwanja wala na mazoezi ya mtihani. La pili ni istilahi za Kiswahili zinazotumika hata katika shule za mchepuo wa Kiingereza, ili mtoto aweze kuizungumzia picha yake nyumbani. La tatu, na pengine gumu kuliko yote, ni mwalimu anayemtaka mwanafunzi aeleze alichokichora kabla ya kumpa alama. Mtoto anayesema mbele ya wenzake kwamba mlima ameupaka rangi ya jivu kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, amefanya kazi mbili kwa pamoja: ameona, na ameitafutia lugha ile aliyoiona. Vyuo vikuu, vyuo vya ualimu na mashirika ya kitawa yenye shule yana wajibu wa kumwandaa mwalimu wa kumsikiliza.